Mume anameza tramadoli 12 kwa siku, mama yangu kanyimwa mofini: nifanyeje dada dokta?

Shikamoo dada dokta. Naomba jina langu usilitoe, niite tu Mama Z wa Makorora, Tanga. Nina matatizo mawili ila usiku nikilala naona kama ni tatizo moja, utaniambia mwenyewe.

Mume wangu alikuwa kuli. Mwaka 2022 alijitwisha gunia akasikia mgongo umelia kah, toka siku hiyo hajawa sawa. Alianzia zahanati wakamchoma diklofenaki, wakampa panadol, wapi. Baadae hospitali nyingine wakamwandikia tramadoli, kapsuli 1 mara 3 kwa siku 5. Dada, usiku ule alilala mpaka asubuhi bila kugeuka, nilishukuru Mungu kwa sauti. Siku 5 zikaisha akarudi akaandikiwa tena, na tena, alafu akapata kijana wa duka la dawa anayemuuzia bila cheti, anaangalia kwanza kama kuna mtu nyuma yake ndo anainama anatoa chini ya meza. Ukuli ameacha, sa hivi anaendesha bajaji. Zile 3 zikawa 6, na sasa nimehesabu mwenyewe wiki nzima bila yeye kujua, anameza 12 kwa siku, anazihifadhi kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka juu ya kabati. Akichelewa kumeza anakuwa mkali, jasho linamtoka, anapiga miayo, tumbo linamharibika, yani kama mtu mwenye homa. Na cha ajabu mgongo haujapona ndo kwanza umezidi, siku hizi hata nikimgusa tu begani anaruka.

Mwezi uliopita akiwa amepaki kijiweni alianguka akakakamaa, povu likamtoka, wenzake wakamwingiza kijiko mdomoni mpaka jino likakatika. Mama mkwe akasema katupiwa, na Tanga yetu unaijua dada, tukanywa kombe, tukafukiza, hela ikaenda. Zahanati walipima malaria hamna, wakampa amitriptilini za usiku eti zitasaidia mgongo, hakuna aliyemuuliza anatumia nini na yeye hakusema. Kesho yake akarudi barabarani.

La pili ni mama yangu mzazi. Ana saratani ya mlango wa kizazi, alimaliza mionzi mwaka jana ila imerudi. Nimemtoa kijijini Handeni niko naye hapa. Analia dada dokta, sio kulia kwa sauti, anang'ata kona ya khanga. Hospitali walitupa chupa ya mofini ya maji, wakasema mililita 5 kila baada ya saa 4. Kaka yangu mkubwa yuko Dar, nilipompigia akasema nisithubutu, hiyo ndo dawa ya mateja, wakishakuandikia hiyo maana yake wameshakukatia tamaa wanataka uondoke mapema. Chupa ipo kabatini wiki ya 3 haijafunguliwa. Juzi usiku nikashindwa kuvumilia, nikachukua kapsuli 2 kwenye kikopo cha mume wangu nikampa mama. Alitapika, akalala mpaka saa 5 asubuhi, nikakaa pembeni namwekea mkono puani nione kama anapumua.

Najiona mchawi. Mume nimwachishe vipi, na mama nimpe ile chupa au kaka ana haki?

Mama Z

———

Marahaba mdogo wangu. Mchawi sio wewe, wewe ndo mtu pekee kwenye hiyo nyumba aliyekaa akahesabu vidonge na akahesabu pumzi. Ila kabla hujasoma huko chini fanya mambo mawili leo hii. Ufunguo wa bajaji uchukue, ficha, gombana naye ikibidi, mtu aliyeanguka na degedege mwezi uliopita hapakii abiria mpaka daktari aseme. Na mama usimpe tena zile kapsuli. Haya, tuendelee.

Umesema unaona kama tatizo ni moja na mimi naona hivyohivyo. Tramadoli na mofini ni ndugu, zote ziko kwenye ukoo wa afyuni, moja ina nguvu ndogo nyingine kubwa. Kwa hiyo ndani ya nyumba yako mtu mmoja anaimeza kama karanga kwa ugonjwa ambao haiuwezi, na mwenzake ukuta wa pili ananyimwa kwa ugonjwa ambao ndo imewekewa. Nimefanya kazi hii miaka mingi na hii nimeiona sana, yani dawa inapatikana kirahisi pale isipotakiwa, na pale inapotakiwa inazungukwa na vitisho.

Nianze na mama maana yeye usiku huu hauishi.

Kaka yako hajakosea kila kitu. Ni kweli heroini inatengenezwa kutokana na mofini. Lakini mofini ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani toka orodha ya kwanza ya mwaka 1977, na mwaka 1986 shirika hilohilo likatoa ngazi yake ya kutibu maumivu ya saratani, unaanza na dawa za kawaida kama panadol, unapanda kwenye kodeini, na maumivu yakiwa makali unapanda kwenye mofini. Anayepanda huko ni mtu anayeumia sana, basi, haijaandikwa popote kwamba ni mtu anayekufa kesho. Wako wanaotumia miezi na miezi wanaenda sokoni na kanisani na msikitini. Teja anachoma heroini kwenye mshipa apate stimu, inapanda ghafla inashuka ghafla, anaitafuta tena. Mama anakunywa kadozi kadogo kwa saa, dawa inakaa kwenye damu usawa ule ule, anachopata ni kukaa, kula, kuongea na wajukuu. Mwili wake utaizoea, hilo ndio, na ndo maana haikatishwi ghafla. Mwili kuzoea na uraibu ni vitu viwili tofauti, uraibu ni pale mtu anapoifukuzia dawa huku inamharibia maisha na hawezi kujizuia.

Waganda hapo jirani wametutangulia kwenye hili. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, hospisi yani huduma ya kutuliza maumivu ya wagonjwa wa saratani na magonjwa mengine mazito, mwaka 1993, wanachanganya unga wa mofini na maji wanatia rangi, ya kijani ni nyepesi, nyekundu ni kali, ya bluu kali zaidi, na toka 2004 sheria yao inaruhusu hata manesi waliosomea huduma hiyo kuiandika. Nimetaja rangi kwa sababu. Mililita 5 peke yake haimaanishi kitu mdogo wangu, ile ya kijani mililita 5 ina miligramu 5, ile nyekundu mililita hizohizo 5 zina miligramu 50, mara kumi. Sasa kwetu rangi sio lazima iwepo, kwa hiyo soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ina miligramu ngapi kwa mililita ngapi na lini imetengenezwa, kama haijaandikwa au imefutika hiyo chupa usimpe, rudi nayo. Na kwa kuwa imekaa wiki 3 na hali ya mama imebadilika rudi nayo kwa vyovyote, usiifungue leo usiku kwa hasira za kaka.

Kingine kinachonifanya nikutume kwanza hospitali ni figo. Saratani ya mlango wa kizazi ikikua inaweza kubana mirija inayoshusha mkojo, figo zinalemewa, na mofini inatoka mwilini kupitia figo. Figo zikilegea mabaki ya dawa yanajaa, mgonjwa anasinzia kupita kiasi, misuli inaruka ruka, anachanganyikiwa, watu wanasema mofini imemuua kumbe dozi haikupimwa na figo. Je mkojo anapata kama kawaida? Miguu imevimba? Wambie wapime damu ya figo. Mtu mzima wa kawaida mara nyingi huanza na miligramu 5 kila baada ya saa 4, mzee au mtu dhaifu 2.5, mwenye figo mbovu hupewa kidogo zaidi na kwa kuachanisha masaa, au wanambadilishia dawa. Hiyo ni hesabu yao, ila wewe uliza kwa mdomo wako "figo zake zinaruhusu?"

Akishaanza, anakunywa kwa saa na sio kwa kilio. Hapo ndo wengi wanaharibu, wanasubiri maumivu yapande ndo wanampa, matokeo yake dawa inakimbizana na maumivu kutwa nzima. Tega simu. Ya usiku wa manane mara nyingi wanaruhusu kutoa dozi mbili kwa pamoja wakati wa kulala ili asiamshwe, ila wakuruhusu wao. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, sio kijiko cha chai, vijiko vyetu kila nyumba na chake. Ni chungu, mpe maji ya tende baadae. Siku 2 au 3 za mwanzo atasinzia, kwanza ana deni la usingizi la miezi huyo mama, na anaweza kutapika, vyote vinapungua. Kisichopungua ni kufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile ya mofini, bisakodili au nyingine watakayokupa, wasipokupa dai. Nimeona wagonjwa wanaacha mofini iliyowasaidia kwa sababu ya choo tu, inauma.

Umeniambia ulimwekea mkono puani. Kuna njia nzuri zaidi: akiwa amelala chukua simu, weka dakika 1 kamili, hesabu kifua kinapanda mara ngapi. Chini ya 10, au akiwa haamki hata ukimtikisa na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, hiyo ni hospitali mara moja, wana dawa inaitwa naloksoni inayogeuza. Ila akiwa anasinzia na ukimwita anafungua macho anakujibu, anapumua 14, 16, mwache mama alale.

Ulizia pia hospisi, Muheza hapo karibu wana historia ndefu ya huduma hiyo na Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Tanga, watakuelekeza nani wa kumwona.

Sasa shemeji yangu.

Hapa kwanza nikiri. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa hospitali fulani, foleni watu 70, akaja baba mmoja mgongo, nikaandika tramadoli siku 5 bila hata kuinua kichwa. Akarudi, nikaandika. Karibu mwaka mzima. Siku moja nesi mtu mzima tuliyekuwa naye akamwambia "baba vua shati uiname", na pale katikati ya mgongo pingili moja ilikuwa imechomoza kama kifundo cha kidole. TB ya uti wa mgongo. Mwaka mzima nilikuwa nafunika TB na tramadoli, na yeye ananishukuru kila akija. Kwa hiyo swali la kwanza kwa shemeji sio tramadoli, ni nani amemvua shati? Kama kakonda, ana homa za jioni na jasho la usiku, miguu inakufa ganzi au inalegea, au mkojo na haja kubwa zinamponyoka, ni jambo la haraka, na kile cha mkojo na miguu ni cha leo leo.

Kama hivyo vyote havipo, basi ana maumivu sugu ya mgongo, na kwa hayo hizi dawa haziendi mbali. Kuna utafiti ulifanyika Marekani, Minneapolis, ukatoka mwaka 2018, walichukua wagonjwa 240 wa mgongo na magoti na nyonga, nusu wakapewa dawa za ukoo wa afyuni nusu dawa za kawaida, wakafuatwa miezi 12. Kwenye kutembea na kufanya shughuli zao hawakupishana, na kwenye maumivu wale wa dawa za kawaida ndo walikuwa na nafuu kidogo. Hao Wamarekani wenyewe walishaumia na hili, toka kampuni ya dawa ya Purdue ilipoingiza OxyContin, dawa ya ukoo huohuo, sokoni mwaka 1996 na kuwaambia madaktari haileti sana uraibu, mwaka 2007 ikakiri kosa mahakamani, watu wameshazikwa.

Kwanini 3 ziligeuka 12? Mwili unazoea, dozi ya jana leo haitoshi. Na ukiendelea sana mishipa ya fahamu yenyewe inakuwa na kisirani, kitu kisichouma kinauma, ndo hilo la kumgusa bega anaruka. Yani dawa ya maumivu imeanza kuleta maumivu. Yale ya jasho, miayo, kuhara na ukali akichelewa kumeza ni arosto, tena arosto ileile ya mtaani unayoijua. Anadhani mgongo unadai dawa, kumbe ni dawa inadai dawa.

Na kuanguka kwake mama mkwe anisamehe, sioni haja ya kombe kwanza. Kapsuli moja ni miligramu 50, mwisho wa mtu mzima ni 400 kwa siku yani 8, yeye anameza 600. Tramadoli ina tabia ambayo mofini haina kwa kiasi hicho, inachokoza ubongo kutoa degedege, na sio mpaka uzidishe, wengine hata kwa dozi ya kawaida. Alafu baada ya kuanguka akaongezewa amitriptilini, ambayo nayo ukiichanganya na tramadoli inaongeza uwezekano uleule. Simlaumu sana aliyeandika, hakuambiwa. Lakini kuuliza "unatumia dawa gani nyingine" ni sekunde 5. Hata hivyo wasiishie hapo, degedege la kwanza kwa mtu mzima linachunguzwa, sukari, shinikizo, minyoo ya nguruwe kwenye ubongo, vyote hivyo. Akianguka tena mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, angalia saa, ikipita dakika 5 mkimbize. Kijiko hapana, kiatu hapana, kitunguu hapana.

Usimwage kile kikopo chooni. Najua mkono unakuwasha. Ukimkata ghafla usiku wa kwanza atavumilia, wa pili atakuwa kwa yule kijana wa duka ananunua mara mbili, au atapata kitu kibaya zaidi, na arosto ya tramadoli ina vituko vyake, hofu kali, ganzi, kuona mambo. Kibebe, mpeleke nacho Bombo, vidonge mkononi vinasema ukweli ambao mume hasemi. Kwa sababu ya degedege daktari atataka ashuke chini ya zile 400 upesi, pengine wamlaze, na waamue kuhusu amitriptilini, asiiache wala asiiendeleze kwa akili yake. Baada ya hapo ni kushuka polepole. Mtu aliyetumia zaidi ya mwaka hushushwa kama sehemu 1 ya 10 kwa mwezi, kwa hiyo kapsuli moja kila mwezi sio uzembe, ndo mwendo. Miezi 8 mdogo wangu, au zaidi. Wakati huo vidonge unashika wewe, unampa vya siku, na pombe na vidonge vya usingizi kama diazepamu marufuku, hivyo vikikutana na tramadoli mtu anasahau kupumua. Na akishashuka akaja kuteleza siku moja akameza zile 12 za zamani, mwili uliokuwa umezoea haupo tena, hiyo inaua, mwambie mapema na sio kwa ugomvi.

Akishindwa kushuka na akawa anazifuata kwa siri usimwone mhuni. Kliniki za methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, zipo, ya kwanza Tanzania Bara ilianza Muhimbili mwaka 2011, ni za walioshikwa na heroini zaidi lakini wataalamu wake wanaijua arosto kuliko mtu yeyote, omba rufaa wamshauri.

Mgongo wenyewe sasa. Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu dawa yake haina mvuto: kutembea. Mtaalamu wa viungo amfundishe mazoezi ya tumbo na mgongo, afanye kila siku hata ikiuma kidogo, kuuma sio kuharibika. Maji moto kwenye chupa na kitambaa. Siku akiruhusiwa kurudi kwenye bajaji ashuke kila saa anyooshe, ule mtikisiko na kukaa kutwa unamla kuliko lile gunia. Vidonge vya kina diklofenaki ni kwa siku chache zikizidi, akiwa na vidonda vya tumbo au presha au figo asiguse, na hizo sindano za kila wiki aache. Na akubali kwamba lengo ni kulala na kufanya kazi, maumivu kufika sifuri huenda isitokee, mimi hii sentensi huwa naisema siku ya kwanza kabla ya kuandika kidonge chochote, zamani sikuwa naisema.

Dawa zote mbili zikae sehemu inayofungwa, una watoto watatu au wangapi sijui, na una mtu ndani ambaye chupa ya mofini itamwita usiku akizidiwa. Kisanduku na kufuli, ufunguo shingoni kwako. Kila ukimpa mama andika kwenye daftari saa na mililita, ikipungua bila kuandikwa utajua. Ikibaki siku moja haihitajiki inarudi hospitali, haigawiwi jirani.

Kuhusu kaka, mimi sina ugomvi naye, anampenda mama yake kwa mbali na kwa mbali kila kitu ni rahisi. Mwambie dada dokta kasema apande basi aje, alale usiku mmoja kwenye mkeka chumbani kwa mama, asubuhi ndo mzungumze habari ya chupa.